Kabla ya Kumpima Mgeni, Hesabu Wakaguzi

Miradi ya programu huria ina lalamiko lake la kudumu: watu wa kujitolea hawakai. Mtu anajiandikisha leo, wiki ijayo anatuma kazi moja, halafu haonekani tena. Wasimamizi wakikaa kulijadili, dawa inayopendekezwa mara nyingi ni mafunzo na mtihani. Mgeni afundwe, apimwe, atakayefaulu aingie ndani. Kwa sisi wa Mtwara na Lindi jambo hili si la mbali. Kijana wa Chikongola au wa Masasi anayejua kuandika programu hana kampuni kubwa ya teknolojia mtaa wa pili ya kwenda kubisha hodi. Mradi huria ni moja ya njia chache za yeye kufanya kazi bega kwa bega na mafundi wakubwa bila kupanda basi la Dar es Salaam. Namna anavyopokelewa pale ina uzito.

Nami naona dawa hiyo inatolewa kabla ugonjwa haujapimwa. Mtihani wa mgeni ni mzigo wa mkaguzi kwanza, ndipo uwe mzigo wa mgeni. Lazima awepo mtu wa kuisoma ile kazi, kueleza ilipokosewa, kuisoma tena ikirudi, na kufanya hivyo ndani ya siku chache, sio miezi. Mradi usio na watu hao, hata ukitunga mtihani mzuri namna gani, unachopanga ni foleni tu.

Tuwekane sawa kwanza. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Si kitu cha watu wachache wa maabara. Kiini cha Linux, ile sehemu ya ndani inayoendesha mashine, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kimo ndani ya kila simu ya Android tunayotumia kutumiana pesa. Takwimu za vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, anavyojaza muuguzi wa zahanati huko Nanyumbu huishia kwenye DHIS2, mfumo huria unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Ukivuka Ruvuma ukaingia Msumbiji, vituo vya tiba ya VVU vinatumia OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, nao ni huria. Vitu hivi vina watunzaji, baadhi yao wa kujitolea, na kila mtunzaji alikuwa mgeni siku moja.

Mradi ulioenda mbali zaidi katika kumpima mtu mwenyewe ni Debian, mfumo endeshi huria unaojengwa juu ya Linux, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Mwishoni mwa miaka ya tisini ulielemewa na waombaji hadi ukaacha kupokea wapya kwa muda. Ulipofungua tena mwaka 2000 ulikuja na utaratibu ambao misingi yake ipo mpaka leo. Mwombaji anahitaji mwanachama wa kumdhamini. Anahitaji ufunguo wa kidijitali uliotiwa saini na wanachama, kwa kawaida baada ya kukutana naye ana kwa ana na kuona kitambulisho chake. Kisha anakabidhiwa kwa mtu mmoja anayemuuliza maswali kwa barua pepe: leseni ipi ni huria na ipi si huria na kwa nini, mkataba wa kijamii wa mradi unasema nini, utafanyaje ukikuta hitilafu ya usalama kwenye kifurushi, yaani programu iliyofungwa tayari kusakinishwa, cha mwenzako. Baada ya maswali zinakuja kazi za mikono. Mwisho inaandikwa ripoti, na wengine ndio wanaoamua.

Utaratibu huo nauheshimu. Ni mazungumzo kuliko mtihani. Anayejibu vibaya haulizwi alama, anaulizwa swali jingine linalomrudisha njiani, na mwisho wa safari amejifunza hata kama hakuingia. Lakini angalia gharama yake: mtu mmoja mzima, kwa miezi, anamhudumia mtu mmoja. Wapo waombaji waliosubiri zaidi ya mwaka. Mwaka 2007 wanachama walipiga kura wakaongeza ngazi ya chini zaidi, ya mtu anayeruhusiwa kupakia vifurushi anavyovitunza tu bila kuwa mwanachama kamili. Kura ile naisoma kama kukiri kwamba mtihani mkubwa ulikuwa unawekwa mbele ya kazi ndogo.

Na kuna ile saini. Kijana wa Mikindani atampata wapi mwanachama wa Debian wa kukaa naye meza moja amwonyeshe kitambulisho cha NIDA? Mkutano mkuu wa mradi umewahi kufanyika Afrika, Cape Town, mwaka 2016. Kwa mfuko wa kijana wetu, Cape Town na Ulaya ziko umbali ule ule.

Linux yenyewe imechagua njia nyingine. Pale hapimwi mtu, kinapimwa kiraka, yaani badiliko la msimbo alilolituma. Huulizwi umesoma wapi, huna fomu ya kujaza. Unatuma mabadiliko yako kwa barua pepe, ukiweka mstari wa kuthibitisha kwamba una haki ya kuyatoa, utaratibu ulioanza mwaka 2004, na wenye sehemu ile ya msimbo wanayasoma hadharani. Majibu yanaweza kuwa makali kama pilipili, lakini yanahusu ulichoandika. Kwa mtu asiye na cheti wala jina, hiyo ni haki kubwa.

Ila mlango huo nao una kizingiti. Barua lazima iwe maandishi matupu. Yenye mapambo ya HTML hukataliwa na mashine kabla binadamu hajaiona. Anayetegemea programu ya barua ya kwenye simu ataanguka hapo, na kosa lake halina uhusiano wowote na uwezo wa kuandika msimbo. Muongo mmoja hivi uliopita lilitokea zoezi moja zuri lililoitwa Eudyptula, kazi 20 za kumfundisha mgeni kiini cha Linux hatua kwa hatua kwa barua pepe, na likawa linawazoesha watu adabu hizo ndogo ndogo kabla hawajaenda mbele za watu. Waandaaji hawakutaja majina yao. Watu walijaa, na baadaye zoezi likaacha kupokea wapya. Hata mtihani uliotungwa kwa nia ya kufundisha unahitaji wa kuusahihisha.

Njia ya tatu ni ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia aliyoianzisha Steve Coast mwaka 2004, na hii naomba nikae nayo kidogo maana ndiyo inayotugusa zaidi. Hapa hakuna mlango kabisa. Unajiandikisha, unachora, na ulichochora kinaingia kwenye ramani papo hapo. Ukaguzi unakuja baadaye. Timu ya kibinadamu ya ramani hiyo, HOT, inagawa eneo katika viboksi. Mmoja anachora nyumba na barabara kwa kufuata picha za setilaiti, mwingine mwenye uzoefu anapita nyuma yake kuhakiki. Kwa njia hiyo hiyo, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulifundisha wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko.

Kusini tunaijua haja ya ramani. Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kukwepa kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilipiga upande wa Msumbiji. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vikakata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na mikoa miwili ikabaki ng'ambo. Siku kama hizo, anayepanga misaada anataka kujua njia ipi inapitika na zahanati iko wapi.

Sasa mchukue mchoraji wa Ujerumani na msichana wa Kitangari, Newala. Wa Ujerumani amefundishwa vizuri. Nyumba zake zina pembe mraba, mistari yake inakaa juu ya barabara bila kuyumba. Wa Kitangari anachorea simu, pembe zimepinda, mkaguzi anamrudishia kazi. Lakini yeye ndiye anayejua kwamba lile paa refu ni ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na lile dogo pembeni ni zahanati. Anajua njia ipi haipitiki masika. Anajua pia jambo ambalo mwongozo wa Ulaya hauna: ramani inamtaka achague kati ya njia ya miguu na njia ya gari la shambani, wakati njia yenyewe hupita bodaboda mchana kutwa, msimu wa korosho zimebeba magunia. Ni ipi hapo? Wachoraji wa Afrika Mashariki wamelazimika kuandika mwongozo wao wa kuainisha barabara, kwa kuwa jibu la vitabuni halikutosha.

Ukimpima msichana huyu kwa pembe za nyumba utamfelisha mtu mwenye kitu ambacho mradi haukipati kwingine, umfaulishe mwenye kitu ambacho mradi unacho tele. Pembe hunyooshwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Jina la kitongoji halina kitufe. Mtihani wowote wa kujitolea unapaswa kuanza na swali la mradi kujiuliza wenyewe umepungukiwa na nini, na mitihani mingi niliyoisoma inaanza na kile kilicho rahisi kusahihisha.

Kuna watakaosema, na wana hoja, kwamba ulegevu una hatari. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwatumia wakaguzi wa Linux viraka vyenye kasoro za makusudi ili waone kama vitakamatwa. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu, alikasirika na mwaka 2021 akaamua michango ya chuo kile isipokelewe, na viraka vyao vya zamani vikaanza kuchambuliwa upya. Binafsi naona alikuwa na haki. Muda wa mkaguzi wa kujitolea ndio mtaji wa mradi, na wale waliuchota bila ruhusa.

Kisa cha xz ni kizito zaidi. Hii ni programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mahali, na kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin. Kuanzia mwaka 2021 akaja mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Viraka vyake vilikuwa vizuri, mwenendo wake wa upole. Wakati huo huo barua za watu wasiojulikana zikawa zinamsakama Collin kwamba anachelewesha mambo, aongeze mtunzaji mwingine. Akaongeza. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachukua kama nusu sekunde zaidi, alitangaza kwamba ndani ya xz kumefichwa mlango wa wizi.

Jia Tan angefaulu mtihani wowote. Angejibu maswali ya falsafa ya Debian kwa ufasaha, angenyoosha pembe zote za nyumba. Kwa hiyo wanaotumia kisa hiki kudai mitihani migumu zaidi kwa wageni wanakisoma kichwa chini. Aliyeshindwa pale hakuwa mchujo wa kuingilia. Ni mtunzaji mmoja aliyechoka, aliyekwisha sema hadharani kwamba hali yake ya kiafya inampunguzia uwezo, na hakuwa na mwenzake wa kuangalia naye. Wangekuwa watatu wanaosoma kazi za kila mmoja, shinikizo lile lingepoa, na mabadiliko ya ajabu yangekutana na jicho la pili. Tunarudi pale pale kwenye idadi ya wakaguzi.

Sasa tuje kwetu, maana kuwasema wa mbali ni rahisi. Mafunzo yetu ya teknolojia yamezoea sura moja: ukumbi, siku mbili, bango lenye nembo za wafadhili, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja, cheti. Kijana anafundishwa kufungua akaunti ya GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, na kutuma badiliko lake la kwanza kwenye hazina ya mazoezi ambayo hakuna anayeitumia. Anarudi nyumbani akiwa na cheti kinachosema ni mchangiaji wa programu huria, na hajachangia popote.

Tusidhani ni ugonjwa wa Kiafrika. Kampuni ya DigitalOcean imekuwa ikiendesha Hacktoberfest tangu 2014, ambapo anayetuma idadi fulani ya michango mwezi Oktoba alikuwa akipewa fulana. Mwaka 2020 miradi ilifurika maombi ya watu waliobadilisha neno moja kwenye faili la maelezo ili wahesabiwe. Watunzaji walilalamika mpaka kanuni ikabadilishwa mwezi huo huo: mradi usioomba kushiriki usihesabiwe. Fulana kule, posho huku. Ukilipa kwa mahudhurio utapata mahudhurio.

Mfano mzuri tunao nyumbani, nao ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, katika ule mpango wa urasimishaji ujuzi. Fundi seremala aliyejifunzia mtaani miaka kumi haambiwi arudi darasani kuanzia kushika randa. Anapimwa kwa kazi anayoijua, mapungufu yanaonekana, anafundishwa hayo tu, kisha anatambuliwa. Kinachonipendeza ni mpangilio wake: kazi kwanza, somo baadaye, na somo linatokana na kazi. Watunga mafunzo ya programu huria wamepindua. Wanaanza na historia ya leseni saa mbili asubuhi, wakifika kwenye msimbo umeme umekatika.

OpenMRS ina kitu kinachokaribiana na hicho. Wachangiaji wake wana ngazi, kutoka /dev/null hadi /dev/5, na kupanda kunatokana na kazi ulizozimaliza. (Wanaojua Unix watacheka: /dev/null ni shimo la kutupia vitu visivyotakiwa. Utani mzuri kwa wenyeji, sijui kwa mgeni.) Outreachy nayo, programu ya kuwaingiza wageni kwenye miradi huria inayolipa dola 7,000 za Marekani kwa kipindi cha miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo, haichagui watu kwa wasifu pekee, mwombaji lazima kwanza achangie kwenye mradi anaoutaka, katika kipindi maalumu, mbele ya mlezi atakayemfundisha. Mlezi anaona zaidi ya msimbo. Anaona mtu huyu akikosolewa anafanyaje, akikwama anauliza au ananyamaza.

Suala la kunyamaza linatuhusu. Vijana wetu wamelelewa kutomsumbua mkubwa kwa maswali, na shuleni anayeuliza sana huonekana hajaelewa. Kwenye mradi huria ukimya wa siku kumi unasomwa kuwa umeacha. Mlezi wa kutoka kwetu analijua hili, atamwandikia: vipi dada, umefikia wapi? Mlezi wa mbali ataifunga kazi na kumpa mwingine, wala hatakuwa amekosea kwa utaratibu wao. Ndiyo sababu nasema kikundi cha Mtwara kikipata fedha, kiasi kikubwa kiende kwa walezi wachache wa hapa hapa waliokwisha pita njia hiyo, walipwe kwa saa za kusoma kazi za wenzao, kabla ya kukodi ukumbi. Mlezi mmoja kwa wageni watatu au wanne inatosha. Zaidi ya hapo ataanza kusahihisha kwa jicho moja.

Kuna vipimo vingine ambavyo hakuna aliyevitunga lakini vinachuja watu. Mtihani wa mtandaoni wenye saa inayohesabu unapima kama bando lako limeisha. Kupakua gigabaiti kadhaa za vifaa kabla ya kuandika mstari wa kwanza kunapima mfuko. Umeme ukikatika Lindi saa tatu usiku, saa ya mtihani haisimami. Kiingereza nacho ni mchujo, ila hapa siwaonei huruma sana vijana: nyaraka ziko kwa Kiingereza, majadiliano yako kwa Kiingereza, na kujifunza kusoma ripoti ya hitilafu kwa lugha hiyo ni sehemu ya ufundi. Ninachopinga ni kumnyima mtu nafasi kwa sababu sentensi zake zina makosa wakati kiraka chake kinafanya kazi.

Anayepanga kuwapeleka vijana kwenye miradi msimu ujao anaweza kufanya uchunguzi mmoja kabla ya yote, nao hauhitaji hata akaunti. Afungue ukurasa wa maombi ya kuunganisha msimbo wa mradi husika, atafute yaliyotumwa na watu wapya, aangalie jibu la kwanza la binadamu lilikuja baada ya muda gani. Siku tatu, sawa. Wiki mbili, avumilie kama jibu lenyewe lina maelezo. Miezi minne ya ukimya, asiwapeleke, hata kama mradi una mafunzo ya video na jaribio la maswali 50 yenye rangi nzuri.

Aangalie na kalenda. Outreachy ina duru mbili kwa mwaka, na kipindi cha kuchangia cha duru ya Desemba huangukia Oktoba, ambapo nusu ya vijana wa Tandahimba na Newala wako mashambani wanaokota korosho na wengine wako maghalani wakisubiri minada. Duru ya katikati ya mwaka, ambayo michango yake hufanyika Machi na Aprili, inawafaa zaidi. Masika huwa imeshika, shamba la korosho halidai mikono mingi, na mlezi ana wiki nne za kuwasoma kabla majina hayajapelekwa.